Gemu la SpongeBob la kuruka majukwaa kwenye simu, lile la kununua: linamfaa dogo wa miaka 9?

nkamu_uyole

Wakuu heshima kwenu, wa Mbeya, Iringa, Njombe, Songwe na popote mlipo. Nina mpwa wangu wa miaka 9 kaja likizo kutoka Tunduma, na baridi ya mwezi wa sita huku Uyole mnaijua, mpaka saa nne asubuhi mtoto hataki kutoka nje kwa hiyo muda wote anavizia simu yangu. Dogo anampenda SpongeBob, yule sponji wa kwenye katuni, kupita maelezo, kwao wana king'amuzi na anawajua mpaka wale samaki wanaopita tu nyuma bila kuongea. Sasa kaingia Play Store kaandika SpongeBob kashusha magemu ya bure yote aliyoyaona na hapo ndo shida ilipoanzia. Yaani anaruka, anaanguka, tangazo. Anaanza upya, anaanguka, tangazo. Na tangazo lenyewe la kubeti! Mtoto wa darasa la tatu anaoneshwa namna ya kuweka mkeka, aisee iliniuma sana. Bando la wiki halikufika hata katikati ya wiki. Mengine SpongeBob mwenyewe hayumo, wamebandika picha yake nje, ukifungua ndani ni kadude tu ka njano kanakimbia barabarani.

Jamaa mmoja kazini kaniambia lipo gemu la ukweli, la kuruka majukwaa kama yale ya Mario tuliyocheza zamani, linaitwa SpongeBob SquarePants: Battle for Bikini Bottom Rehydrated, ila ni la kununua. Naomba mwenye kulijua anisaidie, je linacheza bila bando? Nikishalinunua ndo nimemaliza au humo ndani watadai tena? Simu yangu ina ramu GB 4, nafasi GB 64 na nusu yake imeliwa na video za magrupu ya WhatsApp, itaweza? Na mtu asiye na kadi ya benki analipaje? Kuna fundi huku karibu na stendi kasema ananiwekea kwa buku mbili dakika kumi tu, ila roho inasita. Natanguliza shukrani.

Kihesa_kwetu

Kamwene mkuu. Hilo gemu nalijua toka enzi za PlayStation 2, tulikuwa tunalicheza kwa kulipia kwenye vibanda vya gemu huku Iringa, kwa hiyo umegusa kitu ninachokipenda kweli.

Iko hivi. La kwanza lilitoka 2003, walilitengeneza Heavy Iron Studios wa Marekani na THQ ndo walikuwa wasambazaji. Likakaa miaka mingi watu wanalikumbuka tu, kuna jamaa mpaka leo wanashindana mtandaoni nani analimaliza kwa muda mfupi zaidi. Mwezi wa sita 2020 Purple Lamp, kampuni ya Vienna kule Austria, wakalitengeneza upya kwa picha mpya, ndo hilo lenye neno Rehydrated, likatoka kwenye kompyuta na mashine kubwa. Januari 2021 HandyGames wa Ujerumani wakalileta kwenye Android na iPhone. Na sio kipande, ni hadithi nzima ile ile, sauti zile zile za 2003, Tom Kenny kama SpongeBob na Bill Fagerbakke kama rafiki yake Patrick. Ila bosi wake Mr. Krabs hakuigiza yule wa kwenye TV, alikuwa Joe Whyte, ukisikiliza kwa makini utaona sauti imetofautiana.

Hadithi yenyewe, Plankton, yule adui wa kwenye katuni, katengeneza mashine ya kuzalisha roboti ili ateke mji wote wa Bikini Bottom, ile mashine ina swichi ya kutii na kutotii na yeye kaisahau kwenye kutotii, roboti wakamtoa nje ya nyumba yake mwenyewe. Ndo anakuja kwa SpongeBob kujifanya ameonewa. Dogo wako akiona hicho kipande cha mwanzo atacheka sana maana ndo katuni yenyewe.

Ukinunua mara moja umemaliza. Hakuna tangazo hata moja, hakuna vito vya kununua, hakuna kusubiri moyo ujae ndo uendelee kucheza. Ukishalishusha zima data na cheza zako hata ukiwa shamba Isimani huko. Bei yake ya kawaida ni dola kumi kasoro kidogo, ila huwa wanashusha mara kwa mara kwa hiyo liweke kwenye orodha ya matamanio uwe unachungulia.

Na hapo kwenye kuruka majukwaa jamaa yako kasema kweli, ila hili sio la kwenda kulia tu, unazunguka kila upande, unaweza kurudi nyuma, unapanda mlima, unaingia pangoni, kila levo ni kama mtaa mzima. Angalia usichanganye na Krusty Cook-Off, lile ni la kupika, au Patty Pursuit ambalo ni zuri na ni la kuruka pia lakini lilitoka kwa wenye iPhone kwenye Apple Arcade, ile huduma ya kulipia kila mwezi.

fundi_Kabwe

Mkuu nkamu_uyole naomba nikujibu kwenye upande wa simu maana ndo kazi yangu, niko Kabwe hapa mjini.

Kwanza hiyo ya buku mbili usikubali. Sisemi kwa kumharibia mwenzangu riziki, nasema kwa yale ninayoyaona mezani kwangu kila siku. Gemu la kulipia likiwekwa kwa faili la kuhamisha maana yake kuna mtu kalivunja, na aliyelivunja hakukaa usiku kucha kwa mapenzi ya mwanao. Zinaletwa hapa simu zinazofungua matangazo zenyewe skrini ikiwa imezimwa, zingine zinatuma meseji za kujiunga na huduma usizozijua salio linakwisha, ukiuliza unaambiwa "mtoto aliwekewa gemu". Na simu hiyo hiyo ndo ina pesa zako na namba zako za siri. Hapana kwa kweli.

Nafasi: hili gemu linapimwa kwa GB, sio yale ya MB themanini. Limetengenezwa kwa injini kubwa ile ile ya kwenye mashine kubwa, Unreal, ndo maana linapendeza hivyo. Futa video za magrupu, ukiweza acha GB kama sita wazi ili wakati linajifungua lisikwame. Ramu GB 4 linacheza, usitegemee liteleze muda wote, sehemu yenye roboti wengi kwa pamoja litakuwa linakatakata kidogo. Kabla dogo hajaanza kucheza funga programu zote zilizo wazi, toa kava la simu, na usimruhusu acheze huku inachaji. Najua huko Uyole umeme ukirudi kila mtu anakimbilia chaja lakini gemu zito na chaji kwa pamoja ndo vinavimbisha betri.

Kulipa: huhitaji benki. Ingia menyu ya pesa za simu kwenye mtandao wako, siku hizi wana kadi ya mtandaoni ya Visa au Mastercard, unaitengeneza, unaiwekea kiasi unachotaka, unaandika namba zake Play Store. Weka pesa ya gemu tu na ziada kidogo ya makato. Na muhimu kuliko yote, kabla hujaweka kadi nenda kwenye mipangilio ya Play Store washa ile ya kuuliza nywila kila unaponunua, maana mtoto wa miaka tisa akiona kitufe cha kijani anakibonyeza. Kama simu yako haiendani na gemu Play Store itakuambia mapema kabla hujalipa. Na hata ukishalipa ukaona halichezeki, ndani ya masaa 48 unaruhusiwa kuomba hela yako irudi, kwa hiyo likishashuka tu lijaribu siku hiyo hiyo, usilipe leo ukasema utalifungua Jumapili.

mzee_wa_Tukuyu

Mimi nitasema tofauti na vijana wangu mniwie radhi. Dola kumi ni zaidi ya elfu ishirini. Kwa hela hiyo mtoto ananunuliwa madaftari ya muhula mzima na kalamu zake, na mpira mzuri chenji ikibaki. Sisi tumelea watoto huku Rungwe bila gemu la kununua na wamekuwa madaktari. Simu ni ya kazi. Likizo mtoto akae na bibi yake ajue kuchuma chai na kuchambua maharage, jioni acheze na wenzie. Sina ubaya na katuni, wajukuu zangu wanaangalia, lakini kulipia katuni ili uibonyeze kwa kidole hapo nimeshindwa kuelewa.

mama_Makambako

Shikamoo mzee wetu. Nakuheshimu na hilo la kukaa na bibi naliunga mkono mia kwa mia, wangu wakienda kwa bibi yao Ludewa simu nazibakiza mimi. Ila naomba tuwekane sawa kwenye hesabu maana mimi ndo ninayenunua bando nyumbani kwangu.

Yale magemu ya bure sio ya bure mzee wangu. Kila tangazo ni video, kila video inakula MB, mtoto akicheza saa moja kwa siku likizo nzima utajikuta umenunua bando la kulipia hilo gemu na chenji ikabaki, na bado mtoto hana kitu, amebakiwa na matangazo kichwani. Halafu umsikie mwanao wa kike wa miaka saba anaimba wimbo wa kampuni ya kubeti akiwa anaosha vyombo. Mimi nilimsikia. Nilikaa kwenye kiti nikasema hii basi, tukalinunua hilo hilo la SpongeBob kwenye tableti ya baba yao.

Nitakachokuambia nkamu_uyole kama mzazi mwenzio, ni gemu safi. Hakuna damu, hakuna bunduki. Maadui wote ni roboti, wakipigwa wanasambaratika vyuma. Uhai wa SpongeBob unaoneshwa kwa chupi, akigongwa chupi moja inapotea, watoto wanacheka mpaka wanalala chini. Maandishi na maongezi ni Kiingereza, na wangu hapo ndo aliponishangaza, alikuwa anakuja na tableti jikoni "mama hapa wameandika nini", baadae akaacha kuja maana anasoma mwenyewe. Anakuambia neno steering wheel analijua kwa sababu Mrs. Puff, yule mwalimu wa kuendesha boti, kwenye levo ya mjini anataka umtafutie usukani za maboti yake.

Muda ndo wa kuushika. Kwangu ni saa moja baada ya kazi za ndani, na hili linakubali maana linajihifadhi lenyewe, unamwambia zima anazima, kesho anaendelea alipoishia. Yale mengine ukimwambia zima anakulilia kwamba atapoteza zawadi ya siku.

mzee_wa_Tukuyu

Marahaba mwanangu. Hilo la matangazo ya kubeti kwa watoto sikulijua kabisa na limenikasirisha. Nitakagua simu ya huyu mjukuu wangu leo hii. Kuhusu kulipia bado nabaki na msimamo wangu ila maelezo yako nimeyaheshimu.

nkamu_uyole

Wakuu nashukuru sana sana, mzee wangu wa Tukuyu shikamoo na wewe nimekusikia, dogo kesho tunaenda kuvuna viazi na bibi yake. Mrejesho ni kwamba nimenunua. Nimefanya kama fundi alivyoelekeza, kadi ya kwenye simu, nywila nimewasha, video za magrupu nimefuta (kuna watu wanatuma harusi nzima jamani). Nimelishushia kwa bando la usiku. Linacheza, linakatakata pale pale fundi aliposema, lakini linacheza, na ukimya wake bila matangazo ni raha hata kwangu mimi niliyekaa pembeni.

Sasa tumekwama. Dogo anasema mlango wa kwenye ule ulingo unadai miiko 15 ya dhahabu (ile ya jikoni ambayo unaikusanya ili milango ifunguke) na yeye hajafikisha, kazunguka Jellyfish Fields mpaka kachoka. Na kuna vinyago vya mbao anavisogelea vinapotea kabla hajavigonga, anaamini simu mbovu. Mwenye ujuzi wa gemu lenyewe aje.

ikuti_boy

Nimefika mkuu, nasoma chuo hapa Iyunga na hili gemu nimelimaliza lote miiko 100 kwa hiyo muite dogo asome mwenyewe maana naandika kwa ajili yake.

Dogo sikia. Simu sio mbovu. Vile vinyago vinavyopotea vinataka unyate. Ile joistiki ya kwenye kioo usiisukume mpaka mwisho, iguse uisogeze kidogo sana, utaona SpongeBob anatembea kwa vidole vya miguu, fika mpaka karibu kabisa ndo umpige. Ukikimbia anatoweka. Na ujizoeze sana hapo kwa sababu huko mbele kuna roboti wanaolala, wakubwa, wana duara la mwanga limewazunguka, ukiingia ndani ya duara kwa kishindo anaamka na kukuchoma hapo hapo. Kwenye padi (ile ya kushika mkononi yenye vitufe) ni rahisi, kwenye kioo inahitaji kidole kitulie, na kwa baridi ya Uyole pasha mikono kwanza kwenye kikombe cha chai kwa sababu kidole kikiwa kikavu na cha baridi kioo kinakisoma vibaya, hili nalisema kwa uhakika huku Ikuti asubuhi ni hivyo hivyo.

Sasa miiko 15. Kila levo kubwa ina miiko nane. Downtown unaingia ukiwa na mitano, Goo Lagoon ukiwa na kumi, kwa hiyo ukibaki Jellyfish Fields peke yake huwezi kufika 15 hata ukeshe. Na hata hiyo nane usiikomalie yote saa hii. Simamisha gemu, fungua menyu, utaona orodha ya kazi za kila levo na idadi ya soksi. Zile ulizokwisha kuzifikia unaweza kubonyeza ukapelekwa moja kwa moja, hakuna haja ya kutembea upya mlima wote.

Kuna sehemu tatu za kupata miiko ambazo watoto wengi hawazijui. Ya kwanza Patrick. Ukiona soksi imening'inia au imewekwa juu ya kitu ichukue, ziko 80 gemu zima, kila ukifikisha kumi mpelekee Patrick pale nje kwake anakupa mwiko mmoja. Ya pili Mr. Krabs, yeye anauza, unamlipa kwa vile vitu vya kung'aa unavyookota, na kila ukinunua bei inapanda kwa hiyo mapema ni nafuu. Usipite kinyago bila kukivunja, ndo hela yako hiyo. Ila kuna chaza kwenye levo nao wanataka kulipwa ndo wakupishe, kwa hiyo usimpe Krabs zote ukabaki mtupu. Ya tatu ni pale pale mtaani kwao Bikini Bottom, kuna miiko nane imetawanyika, juu ya nyumba, ndani ya nyumba, watu wanaikimbia wakidhani pale ni njia tu ya kupita.

Kitu kingine ni vituo vya basi. Ukiona kituo cha basi sio pambo, kibonyeze, unabadilisha mtu. SpongeBob ana mapovu, anazunguka, anapiga juu kwa kichwa, anadunda chini. Patrick ananyanyua vitu na kuvirusha, kuna tunda la barafu akilitupa kwenye ule uji wa sumu unaganda unapita juu yake. Sandy yule kindi ana kamba, anaizungusha juu ya kichwa anaelea kama helikopta, huyo mtumie kila palipo na shimo refu. Ukiona umekwama mahali na kituo cha basi kiko karibu, jibu liko kwenye hicho kituo.

Na yule jelifishi mfalme wa kule juu mlimani usimwogope. Squidward, jirani yake SpongeBob, kaumwa na jelifishi wote wale anakutuma ukalete jeli yake. Kamsogelee baada ya kumaliza kushambulia, sio wakati anashambulia. Hii kanuni inakufaa kwa mabosi wote mpaka mwisho wa gemu, subiri amalize zamu yake.

Kihesa_kwetu

Umeeleza vizuri sana kijana. Naongezea kwenye hilo la padi, mwenye padi ya blutuu aiunganishe, gemu linaipokea, na kwa gemu la kuruka kipimo cha kidole ndo kila kitu. Kwenye kioo kuna kitu kimoja kinawatesa wengi, kamera. Mtoto anaruka huku kamera inatazama kwengine, anatua hewani. Mfundishe kwanza asimame, azungushe kamera kwa kidole cha kulia mpaka SpongeBob na jukwaa analolitaka viwe kwenye mstari mmoja, halafu atazame kivuli chake chini. Kivuli ndo kinakuambia utatua wapi. Sisi enzi za PS2 tulikuwa tunaruka kwa kutazama kivuli tu hatumtazami hata SpongeBob.

Na nikiri moyoni kwangu kinachonifanya nilipende hili gemu miaka yote hii ni kwamba waliolitengeneza waliijua katuni. Aliyeianzisha, Stephen Hillenburg, alikuwa mwalimu wa viumbe wa baharini kule California kabla ya kuingia kwenye uchoraji, ndo maana kila mtu humo ni kiumbe cha kweli, sponji, kaa, pweza, kindi kavaa kofia ya hewa maana chini ya maji hapumui. Katuni ilianza 1999, yeye alifariki 2018. Sasa gemu limechukua vitu hivyo hivyo, hata mtaa ule wenye nyumba ya nanasi, jiwe la Patrick na kichwa cha Squidward vimepangwa vilivyo kwenye TV. Mtoto anayeijua katuni anajua njia hata kabla hajaoneshwa. Yale ya bure ya kubandika picha hayana hicho na hayawezi kuwa nacho.

mama_Makambako

Hapo kwenye kivuli umenisaidia hata mimi, nilikuwa nacheza wakishalala na naanguka kila mara pale Goo Lagoon. Swali langu kwa ikuti_boy, Downtown kuna kazi moja imeandikwa urudi na cruise bubble, binti yangu anailia, hatuoni inauzwa wapi.

ikuti_boy

Haiuzwi dada, mwambie aiache kabisa kwa sasa. Kuna mapovu mawili SpongeBob hana mwanzoni. Ukimshinda Roboti Sandy pale ulingoni, ule mlango wa miiko 15, unapewa povu la kuviringisha kama tufe, linabonyeza vitufe vya mbali. Ukimshinda Roboti Patrick ndo unapata hiyo cruise bubble, ni povu la kombora, unalirusha halafu unaliongoza wewe mwenyewe kwa kidole mpaka linapolipuka. Wametoa kazi zingine mapema makusudi ili urudi. Mlango wa mwisho wa Plankton unataka 75, sio 100, kwa hiyo ana nafasi ya kuacha zinazomtesa na bado akamaliza hadithi.

fundi_Kabwe

Nkamu_uyole mara moja moja iache simu ipoe hata dakika kumi kati ya levo na levo, na usije ukafuta data za programu ukitafuta nafasi, utamfutia dogo miiko yake yote. Ukibanwa na nafasi futa picha, gemu usiliguse.

nkamu_uyole

Dogo kasoma yote, mengine nimemsomea. Mtaani kwao Bikini Bottom alikuwa ameacha miiko tele juu ya nyumba, soksi alikuwa nazo za kutosha kwa Patrick, kapata hizo 15 jana jioni na ulingoni kaingia. Roboti Sandy kampiga kwa ile ya kusubiri amalize zamu yake, alipiga kelele mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini.

Swali la mwisho kabla hajarudi Tunduma, dada yangu ana simu ya Android pia, nikiingiza akaunti yangu kule gemu litakubali au nalipa tena?

fundi_Kabwe

Litakubali, hulipi tena. Gemu umelinunua kwa akaunti sio kwa simu. Ingiza akaunti yako Play Store ya simu ya dada, lishushe, ila nywila ya manunuzi iwashe na kule na kadi iondoe kwanza. Na alipofikia usitegemee patahama penyewe, mwandae kisaikolojia kwamba huenda akaanza na Jellyfish Fields upya.

nkamu_uyole

Nimemwambia, kasema sawa, safari hii anaanza na paa la nyumba ya Squidward.